Kuhamisha kaseti za zamani kwenye flashi, Darajani, Unguja: uzoefu wangu

Naanza na jibu, maana wengi mtasoma mistari miwili mkimbie. Huduma inafaa na pesa yake ni halali. Lakini kabla hujamwachia fundi kaseti zako, mwambie wazi asikusafishie sauti.

Mimi kwetu Wete, Pemba. Nilikuwa bado mtoto wa skuli wakati Bongo Fleva inavuka bahari kwa fujo: Mr. Nice, Ray C, Juma Nature, Lady Jaydee. TID alipotoa "Zeze" mwaka 2002, hata watoto ambao kwao redio hufunguliwa kwa taarifa ya habari na mawaidha tu walikuwa wanaijua mwanzo mpaka mwisho. Waliijulia wapi, mzee asiulize.

Pemba wakati ule umeme ulikuwa wa majenereta ya Wesha. Ule waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umekuja 2010. Kwa hiyo muziki wetu ulikuwa wa mawe, yaani betri. Mawe yakichoka, Ray C anaanza kuimba kwa sauti nzito ya kiume, pole pole, mpaka ananyamaza. Tunayatoa, tunayaanika juani, yanapata nguvu ya nyimbo mbili tatu nyingine. Usiku hewa ikitulia tulizinasa na stesheni za Tanga na Mombasa, na huko ndiko tulikorekodi vitu vya maana.

Kaseti mpya hatukuwa na pesa nazo. Kaka yangu alikuwa anachukua kaseti yoyote aliyoiona imelala ndani, anaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi iliyotafunwa, na hapo inakubali kurekodi. Halafu ni kukaa na vidole viwili juu ya vitufe mtangazaji amalize maneno yake. Hamalizi. Anazungumza mpaka mwimbaji anaingia, na mwisho wa nyimbo anarudi tena kabla haijesha. Tulimlaani sana.

Kaseti hizo nilizikuta kwenye sanduku kwa mama, nikaja nazo Unguja. Redio ya kuzipigia sina, na sikutaka kuzijaribu kwenye redio ya mtu zikaliwa. Nikaelekezwa kijiduka kimoja nyuma ya Darajani. Kijana mmoja, deki moja kubwa ya zamani, kompyuta, na ndoo ya kaseti mbovu anazotolea vipuri.

Kazi yake ya mkono sina la kusema. Moja aliifungua mbele yangu: skrubu tano, kava likaachana, na pembeni mwa utepe kulikuwa na ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Hiyo ni hewa yetu ya bahari na sanduku lisilofunguliwa. Kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe kwenye hedi, kile kichuma kinachousoma utepe, kilikuwa kimebanduka. Akakitafuta kingine ndooni, akakigandisha, akauhamishia utepe kwenye kava zima. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Pembeni mwa hedi ya deki kuna skrubu ndogo, akaanza kuigeuza kwa bisibisi nywele kwa nywele huku kaseti inapiga. Sauti ilikuwa imeziba, mara matoazi yakatokeza, kisha herufi zote za mwimbaji. Akaniambia, "Dada, redio yenu iliyorekodia hedi yake ilikuwa imekaa upande, basi na mimi lazima niikalishe upande huo huo." Kila kaseti anaifanyia hivyo. Ukimkuta fundi anaitia tu kaseti na kubonyeza, beba zako uondoke.

Muda, jiandaeni. Alisema siku mbili, ikapita wiki na zaidi, na simu hapokei mpaka umfuate. Namtetea kidogo: kaseti ya dakika 60 inahamishwa kwa dakika 60, hakuna njia ya mkato, na umeme ukikatika katikati anaanza upya. Atakayekuahidi kaseti ishirini kwa siku moja, muulize ana deki ngapi.

Sasa usafi. Alinikabidhi flashi, nikaenda nyumbani nikavaa spika za masikioni, na mambo hayakuwa mambo. Ule mvumo wa kaseti aliuondoa kwa programu, na nusu ya muziki ukaondoka nao. Watu wanaimba kama wamefunikwa shuka. Zaidi ya hapo alikata maneno yote ya mtangazaji, kila nyimbo ikawa faili lake safi, "Upande A 1", "Upande A 2". Yeye alidhani ananifanyia ihsani. Hakuniuliza.

Mnaweza kusema, si ungeingia tu mtandaoni uzipakue? Za Bara, naam, karibu zote zipo, na zinasikika vizuri kuliko kaseti yoyote. Kwa hizo nisingetoa hata shilingi. Nilichokuwa nakitafuta ni Zenji Fleva ya mwanzo mwanzo, vijana wa Unguja waliokuwa wanapigwa kwenye redio, Sauti ya Tanzania Zanzibar, na baada ya hapo nyimbo zao zikazunguka kwa kaseti na CD za kuchoma, basi. Nimezitafuta sana mtandaoni sikuzipata. Na majina ya waimbaji wake nilishayasahau. Aliyeyataja ni yule yule mtangazaji tuliyekuwa tunamlaani: anasema jina la kijana, mtaa anaotoka, na nani kamtumia salamu. Ukimkata yeye, unabaki na sauti ya mtu asiye na jina.

Nikarudi dukani. Bahati yake na yangu, rekodi ghafi alikuwa bado hajazifuta. Alishangaa kidogo, "Dada, hizi na kelele zote?" Nikamwambia na kelele zote. Humo sasa yumo mtangazaji, wamo na majogoo ya kwa jirani, na pahala pamoja kaka yangu anamnong'oneza mtu asikohoe. Maana redio yetu ilikuwa mbovu, tulikuwa tunarekodi kwa kuziweka redio mbili uso kwa uso.

Muziki wenyewe, nikitia mizani bila ya mapenzi, baadhi yake ni mbovu. Vinanda vya plastiki, ngoma moja inarudi tangu mwanzo mpaka mwisho, na mashairi ya mapenzi yaliyoandikwa na watu ambao nadhani walikuwa hawajapenda bado. Mr. Nice nilijitia namdharau nilipokuwa mkubwa. Nimempigia wanangu, wameruka mpaka jirani wa chini akagonga. Juma Nature bado ni mfalme, hilo sijadiliani na mtu.

Bei niliyolipa: elfu tano kaseti ya dakika 60, elfu saba ya dakika 90, na elfu mbili juu kwa iliyobadilishwa kava. Za dakika 90 ni tabu zaidi kwa sababu utepe wake mwembamba na hunasa haraka. Flashi nenda na yako. Omba faili za WAV, zile za sauti isiyobanwa, pamoja na MP3. Saa moja ya WAV inakula kama MB 600, ya MP3 ya kawaida haifiki hata 100, kwa hiyo weka zile kubwa nyumbani na hizi ndogo ndizo za kutia kwenye simu. Na kaseti zenyewe rudi nazo nyumbani, usimwachie kwa ajili ya ile ndoo.

Nampa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa kutouliza, na ile ya simu namsamehe.

Lipo jambo moja ambalo halimhusu fundi. Kaseti mojawapo, nyimbo za kaka zinakwisha kabla ya upande kwisha. Panapita mlio wa kitufe, halafu zinaingia fidla na ganuni, na mwanamke yuko katikati ya beti: taarab ya Culture, kile kikundi cha Unguja, dakika kama nne hivi, mpaka utepe unaisha. Nikamtumia mama Wete kwa WhatsApp. Alinipigia simu hapo hapo. "Kumbe kaseti yangu ya Culture mliiua nyie!" Kaka yuko Maskati, kwa hiyo maneno yote nimeyabeba mimi. Nikamweleza kwamba redio inaporekodi inafuta kwanza kilichokuwapo, kwa hiyo chini ya nyimbo za Bongo hakuna kitu tena, na hakuna fundi wa kukitoa. Hataki kusikia. Kila akipiga simu huniambia nimuulize tena yule kijana wa Darajani, asije akawa hakuangalia vizuri.