Stika ya kukinga fremu isiliwe na kebo: miezi 9 ya chumvi na mchanga wa Malindi

Nilidhani ni tope. Tulikuwa tumerudi kutoka Mambrui, nimeegemeza baiskeli ukutani naifuta kwa kitambaa, na kando ya lile bomba fupi la mbele linalobeba usukani kuna alama inakataa kutoka. Nikatia mate, nikasugua kwa kidole. Ikang'aa. Kumbe ni alumini yenyewe: rangi imeliwa mpaka chini, ukubwa wa kokwa ya ukwaju, na upande wa pili ipo pacha wake.

Mwizi ni kebo ya gia. Kila ukikata kona, ganda la kebo linatambaa kwenye fremu, ukinyoosha linarudi. Ganda lenyewe ni plastiki laini, peke yake lingechukua miaka kufanya madhara. Lakini huku kwetu haliko peke yake. Mchanga mwekundu wa njia ya Marikebuni kwenda Marafa, ule unaoupata mpaka kwenye meno, unakwama kati ya ganda na rangi. Juu yake uje unyevu wa bahari. Hapo umeshajitengenezea msasa, na unaupiga mwenyewe kila unapogeuza usukani. Baiskeli niliinunua mtumba, sehemu hiyo ikiwa safi kabisa, mwaka haukuisha.

Dawa ya kwanza nilitumia ile ya bure ambayo kila mtu atakwambia: kata tyubu kuukuu, zungushia fremu, kaza kwa kebo tai. Ikapendeza, sisemi uongo, ikakaa kama baiskeli ya mashindano. Baada ya miezi minne nikakata tai nivue mpira nioshe. Ndani mlikuwa na mchanga uliolowa, umetulia kama uko ufukweni, na alumini imeota unga mweupe. Hiyo ndiyo kutu ya alumini, haiji nyekundu kama ya chuma. Kwa hiyo kebo haikugusa fremu, kweli, lakini nilikuwa nimeifunga fremu bandeji ya maji ya chumvi. Anayekaa bara, kukavu, labda itamfaa. Hapa, kama utatumia tyubu, ivue uoshe kila wiki mbili, na mimi najijua, siwezi.

Tepu nyeusi ya mafundi umeme sitaizungumzia sana. Jua liliyeyusha gundi, tepu ikateleza, nikabaki na lami inayonasa vumbi. Kuitoa nilitumia mafuta ya taa na jioni nzima.

Ndipo nikaenda kwenye stika hii. Ni plastiki ya polyurethane, nene kiasi, inavutika ukiivuta, haina rangi. Asili yake si ya baiskeli: plastiki ya namna hii ilianza kwa kukinga panga za helikopta zisiliwe na mchanga, kisha watu wa magari wakaichukua kulinda rangi. Mimi nilikipata kipande kwenye duka la mapambo ya magari Mombasa, sentimita 30 kwa 50, kwa shilingi 900. Mabaki ya kazi ya gari la mtu. Vipande vilivyokatwa tayari kwa baiskeli vipo, ila bei yake ilinifanya nicheke.

Kubandika kunataka subira. Kwanza nilisugua ule unga mweupe ukatoka, nikafuta kwa spiriti, nikafunika kidonda kwa rangi ya kucha isiyo na rangi (dada yangu bado ananidai kichupa chake). Ikakauka usiku kucha. Kisha maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye chupa ya kunyunyizia: unalowesha fremu, unalowesha upande wa gundi, na vidole pia. Ikiwa na maji stika inateleza, unaweza kuisogeza mpaka ikae unapotaka. Halafu unasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi kuukuu ya benki. Ukibandika kavu imekula kwako, viputo havitoki tena. Na pembe zikate mviringo. Mimi kipande cha kushoto nilikiacha na pembe kali kwa uvivu, na ndicho kilichoanza kunyanyuka mwezi wa pili, kikaingiza vumbi, sasa kina ukingo mweusi kama kucha za mpanda minazi. Cha kulia, chenye pembe za mviringo, hakijanyanyuka hata unywele.

Miezi 9 sasa. Stika imepoteza mng'ao pale kebo inapopita, ina ukungu kama kioo cha dirisha la matatu, lakini rangi chini yake ni nzima. Umanjano ni kidogo mno, na kwenye fremu nyeusi kama yangu hauonekani. Fremu nyeupe sijui ningesemaje.

Lakini kilichonisaidia zaidi sikukinunua. Nilipeleka baiskeli kwa mzee mmoja fundi, anayekaa chini ya mwarobaini, nimwonyeshe kazi yangu nzuri. Hakuitazama stika. Akashika kebo ya gia, akaivuta nje kama upinde.

"Mwanangu, hii ni kebo au jarari la jahazi?"

"Ilikuja hivyo hivyo, mzee."

"Ndiyo inayokula. Ndefu hii, inajilaza kwenye fremu hata ukienda moja kwa moja."

Akageuza usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, akapima kwa vidole kiasi kinachohitajika usukani usivute waya, akakata ganda sentimita nne. Akazipishanisha na kebo mbili za mbele zikatize hewani, ya kulia iingie kushoto, ili zisilikumbatie lile bomba fupi la mbele. Shilingi 150. Tangu siku ile kebo inaigusa stika nikikata kona kali tu. Tahadhari: hiyo ni kwa kebo za waya. Kama breki zako ni za mafuta, usiguse paipu na mkasi, utaingiza hewa na breki itakuwa sponji.

Stika ina udhaifu mmoja ambao muuzaji hakuutaja: kwenye mabomba membamba ya nyuma haikubali kukaa, inajikunja na kurudi. Huko nimevisha kebo yenyewe vipete vya mpira, nilivyokata kutoka tyubu ile ile ya kwanza. Kipete kinakaa kwenye kebo, hakikumbatii fremu, maji yanapita.

Ningenunua tena? Ndiyo, ila nusu ya kipande nilichonunua. Nilichobakiza nimekibandika chini ya bomba kubwa, pale mawe ya Marafa yanaporukia.