Mashine ya kusaga na kukamua kahawa nyumbani Moshi: uzoefu wangu

Kama unaishi Moshi au Arusha na unatafuta mashine inayosaga buni na kukamua kahawa yenyewe, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: kikamulio chake kinatoka kwa mkono? Skrini ya kugusa, idadi ya vinywaji na rangi ya bodi vitafuata baadaye.

Kikamulio ninaita kile kifaa cha ndani ambacho unga wa kahawa ukishasagwa unadondokea humo. Kinaubana, pampu inasukuma maji ya moto kupitia katikati yake, kisha makapi yaliyogandamana yanatupwa kwenye chombo chake. Uchafu wote wa mashine unakusanyika hapo: mafuta ya kahawa, unga uliopotea njia, unyevu na joto. Masika ikikolea huku kwetu, makapi yaliyosahauliwa yanaota ukungu upesi, na mende hawahitaji kualikwa mahali penye giza na joto. Kifaa kama hicho lazima uweze kukitoa, ukitazame, ukioshe.

Jirani yangu alikuwa na mashine ya bei kubwa kuliko yangu, ya aina ambayo kikamulio chake kimefungiwa ndani na husafishwa kwa vidonge maalumu tu. Vidonge vilipomwishia akakaa bila kusafisha, kahawa ikaanza kunuka. Tukamwita fundi anayetutengenezea friji na mashine za kufulia, mtu makini kabisa. Aliigeuza mara mbili tatu, akasema, "Dada, kuifungua nitaifungua, lakini nikivunja kishikizo kimoja hapa, spea nitaitoa wapi?" Ikapakiwa kwenda Dar es Salaam. Siisemi vibaya mashine ile. Ukiwa na kituo cha huduma karibu inakufaa vizuri. Sisi hatuna.

Mimi nilichukua De'Longhi Magnifica S, ile ya vitufe, haina skrini. Unavuta tangi la maji, unafungua kimlango cha pembeni, unabana vitufe viwili vya rangi kwa vidole, kikamulio kinatoka. Unakiloweka kwenye maji, unakisuuza bombani, basi. Usitie sabuni, maana sabuni inaondoa grisi inayolainisha sehemu zinazoteleza. Mtengenezaji anashauri kukiosha angalau mara moja kwa mwezi. Mimi hukiosha kila Jumamosi jikoni kukiwa kumetulia. Philips za mfululizo wa 2200 na 3200 nazo kikamulio chake kinatoka, kwa hiyo ukizikuta kwa bei nzuri usisite. Zile zenye LatteGo zina chombo cha maziwa kisicho na mirija ya ndani, na kukiosha ni rahisi sana.

Kwa nini basi sikuchukua yenye chombo cha maziwa? Kwa sababu maziwa yetu ni ya ng'ombe wa jirani, yanachemshwa kwanza, yana mafuta mengi na utando mzito juu. Bomba la mvuke la kushika mwenyewe linayamudu bila matatizo. Nachemsha jioni, naondoa utando, nayaweka kwenye friji, asubuhi yanatoa povu laini. Yakiwa ya baridi povu linapanda vizuri zaidi. Jagi likianza kuchoma kiganja, funga mvuke, usiyaache yachemke tena. Kisha futa bomba hapo hapo na kitambaa chenye maji na uachie mvuke kidogo, vinginevyo maziwa yanaganda ndani.

Sasa buni, na hapa ndipo sisi wa Kilimanjaro tuna bahati. Mama mkwe wangu yuko Kibosho, arabika anayo shambani. Lakini kahawa ya nyumbani iliyokaangwa kwenye sufuria juu ya kuni haifai kuingia moja kwa moja kwenye mashine hii. Mara nyingi inakaangwa mpaka inameta mafuta, na mafuta hayo yanagandisha unga kwenye kisagio na kwenye njia yake. Halafu kuna vijiwe. Kahawa iliyoanikwa na kukobolewa kienyeji inaweza kuwa na kijiwe chenye rangi ileile ya buni, na kikiingia kati ya meno ya kisagio utasikia mlio ambao hutaki kuusikia tena. Mimi humwaga buni kwenye ungo karibu na dirisha na kuzichambua kama mchele. Buni nizitakazo ni za rangi ya kahawia ya wastani, kavu, nikizishika vidole havibaki na mafuta. Zilizopakwa sukari au karameli usiziguse kabisa.

Mama mkwe alipoonja mara ya kwanza alisema, "Mwanangu, mbona inauma ulimi?" Alikuwa sahihi. Arabika ya mlimani iliyooshwa ina uchachu wake wa asili, na ikisagwa kwa unene mkubwa maji yanapita haraka, uchachu unatangulia na utamu unabaki nyuma. Nikapunguza unene wa kusaga. Kitufe cha kisagio kizungushe wakati meno yanazunguka tu, ngazi moja kwa wakati, na usihukumu kwa kikombe cha kwanza, kwa sababu unga wa zamani bado umo njiani. Nikapandisha na joto la maji. Kahawa ikaanza kutoka taratibu, nzito, na povu la rangi ya dhahabu iliyoiva. Kama kahawa imekaangwa juzi, iache ipumue siku kadhaa kwanza, maana gesi iliyomo inafanya povu liwe jingi na ladha iwe kali.

Usihangaike na ile namba ya bar 15 kwenye boksi. Bar ni kipimo cha shinikizo, na hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu. Espresso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inakamuliwa kwa takriban bar 9, na karibu mashine zote za daraja hili zina pampu ya aina moja.

Kuhusu umeme: mashine hii inakula wati 1,450. Inverta ndogo ya sola ya wati 1,000 haitaiwasha. Kwenye LUKU haiumizi, kwa sababu inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi wakati wa kupasha maji. Niliiweka kwenye stebilaiza yenye uwezo wa kutosha, kwa ajili ya bodi ya umeme ndani. Umeme ukikatika katikati ya kukamua, usikilazimishe kikamulio kutoka. Ukirudi, washa, kitajirudisha chenyewe mahali pake. Na ndugu akikuambia kutoka Marekani kwamba ameona moja kwa bei poa, mshukuru na umkatalie. Kule ni volti 120 na mapigo ya umeme 60 kwa sekunde (hezi), huku kwetu 230 na 50. Transfoma itashusha volti, lakini haibadilishi mapigo, na pampu hizi zinakwenda kwa mapigo ya umeme.

Maji nachuja, na pima ugumu wake, yaani wingi wa chokaa iliyomo, kwa karatasi ya kupimia kabla ya kuipanga mashine. Kuondoa chokaa tumia dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Siki inaharibu mipira. Wenzangu wa Arusha mnaokaa miguuni mwa Mlima Meru, kumbukeni pia kwamba kile kichujio kidogo cha kwenye tangi kazi yake ni kupunguza chokaa. Floridi, yale madini yanayotia meno rangi, hakiiondoi, na kuchemsha nako hakuiondoi. Kama maji yenu yana floridi nyingi, leteni maji mengine.

Desemba ndiyo iliyonionyesha mipaka ya mashine za namna hii. Wachaga wote wako nyumbani, sebule imejaa, kila mtu anataka kikombe. Tangi ni lita 1.8, chombo cha makapi kinajaa baada ya vikombe 14 hivi, na kisagio kina kelele ya kuamsha mtoto. Kwa familia ya watu wanne inatosha na kubaki. Kwa ukoo mzima, wazee wanapikiwa kwenye birika, na mashine inabaki ya wanaotaka ya maziwa.

Yangu ilinigharimu kama milioni 1.2 pamoja na usafiri. Kabla hujalipa, agiza pamoja nayo mipira midogo ya kikamulio, kichupa cha grisi ya silikoni inayofaa kwa vyombo vya chakula, na dawa ya chokaa ya mwaka mzima. Kama plagi yake ni ya Ulaya, ya pini mbili za duara, usiitegemee adapta ya bei rahisi. Mwambie fundi akufungie plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13.