Pikipiki ya sura ya zamani, iliyotumika: uanze na ipi ukiwa Malindi

Kama unakaa Malindi na moyo umeshikwa na pikipiki ya sura ya zamani, ile ya taa ya duara, tangi la mviringo na ekzosi ndefu inayometameta, anza kwa kuuliza imelala wapi. Mwaka wa kutengenezwa na kilomita za kwenye mita utaviuliza baadaye. Uzuri wa pikipiki hizi uko kwenye kromu na spoki, na hivyo ndivyo upepo wa kusi unavyovila kwanza. Iliyolazwa miaka mitatu barazani Casuarina, uso kwa uso na bahari, huenda imechakaa kuliko iliyozunguka Nakuru miaka kumi.

Nayasema haya kwa uchungu. Ya kwanza yangu niliinunua kwa macho. Ilikuwa imesuguliwa hadi sura yangu naiona kwenye tangi. Wiki ya tatu, nikirudi kutoka Mambrui, spoki mbili za nyuma zilikatika kabla sijafika daraja la Sabaki. Fundi alipolivua tairi, nyingine nne zilimkatikia vidoleni. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hii ilipakwa wanja tu."

Sasa nizipange kama ninavyowapangia vijana wanaonijia kuuliza.

Ya kwanza: Honda CG125. Hapa sisiti. Honda waliitoa mwaka 1976, na waliiunda kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na sevisi hucheleweshwa. Vali zake husukumwa na vijiti, kwa hivyo hakuna cheni ndani ya injini ya kulegea na kupiga kelele. Viwanda vingi vya China viliuiga muundo huo, ndiyo maana duka la vipuri la mtaani halikosi pistoni au gaskiti inayokaribiana nayo. Hata hivyo nenda na kipuri cha zamani mkononi ukilinganishe, maana kukaribiana si kulingana. Uzito wake ni kama kilo 100. Ikikuangukia kwenye mchanga wa Ngomeni utaiinua peke yako, na anayejifunza ataiangusha. Ukipata ambayo cheni yake bado imefunikwa na kasha lote, ishike hiyo: mchanga na chumvi haviifikii cheni. Kasoro zake ni breki ya mbele ya dramu, ambayo inataka mkono wenye nguvu, na taa. Za zamani sana zina umeme wa volti 6, na mwanga huo hautoshi barabara ya Gede usiku.

Ya pili: Suzuki GN125. Ina sura nzuri kuliko CG, kiti chake ni cha chini, ina stata, na mtu mfupi hukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Nimeishusha kwa sababu ya kromu nyingi na breki ya diski, ambayo pistoni zake hukwama kwa chumvi pikipiki ikikaa bila kuendeshwa. Ikiwa imetoka bara na ni safi, sitakulaumu ukiichagua.

Ya tatu: Boxer au TVS iliyogeuzwa. Siku hizi mafundi huchukua pikipiki ya bodaboda, wakaivua plastiki, wakaiwekea kiti bapa na taa ya duara, na ikapendeza kweli. Spea zake ziko kila kona na kila fundi anaijua. Lakini jiulize ilifanya kazi gani kabla ya kuvishwa nguo mpya. Iliyobeba magunia ya makaa kutoka Marafa imebeba na uchovu wake. Inua kiti, pitisha kidole kwenye fremu pale chini. Ukigusa kovu la kuchomelewa, au ukaona rangi mpya sehemu moja tu, mshukuru mwenyewe uondoke. Fremu iliyokatwa kwa ajili ya urembo haina dawa rahisi.

Ya nne: Royal Enfield Classic 350. Naipenda kuliko zote hizi, na ndiyo maana naomba uisubiri. Ina karibu kilo 195. Kwenye lami ya kwenda Watamu imetulia, mlio wake unaingia kifuani, lakini vichochoro vya mchanga vya Maweni vitamchosha anayeanza. Vipuri vyake si vya duka la mtaani, utaagiza na kungoja. Miaka miwili juu ya pikipiki ndogo itakupa mikono ya kuimudu.

Zile za Kiingereza za kabla ya miaka ya 1970 ziache kabisa kwa sasa. Nyingi gia yake iko mguu wa kulia na breki kushoto, na mguu unaojifunza hauhitaji fujo hiyo.

Siku ya kuikagua, nenda asubuhi, jua likiwa limetoka. Kabla ya salamu kwisha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameipasha kabla hujafika, basi kaa, kunywa chai, ingoja ipoe. Injini baridi ndiyo inayosema kweli. Ikiwaka, tazama ekzosi: moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua, na hapo hesabu gharama ya ringi za pistoni, pengine na silinda. Mweusi mara nyingi ni kabureta, jambo dogo.

Kisha chukua ufunguo, uzigonge spoki moja moja ukizunguka gurudumu. Nzima inalia kama waya uliovutwa. Iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Angalia hasa pale zinapoingia kwenye rimu, kutu hujificha hapo. Fungua tangi, mulika ndani kwa tochi ya simu: rangi ya chungwa ukutani ni kutu itakayoziba kabureta kila mwezi. Vua kifuniko cha ubavuni uone viunganishi vya nyaya. Vikiwa na ukungu wa kijani, taa zitakusumbua daima.

Karatasi zisikupite. Logibuku iwe halisi, si nakala, na namba ya fremu na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe. Likiwepo jina la kampuni ya mkopo pamoja na la muuzaji, deni lifutwe kwanza. Pesa zisimalizike kutoka mfukoni mwako kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mkiwa mmekaa pamoja. Leseni unayotaka ni daraja A2. A3 ni ya bodaboda na tuktuk. Na katika bajeti tenga robo kwa ajili ya tairi, cheni, bima na helmeti nzuri.

Ukishaifikisha nyumbani, ioshe kila wiki kwa maji ya mfereji au ya mvua. Visima vyetu vingi vya mjini vina chumvi, na nimeona watu wakiziosha pikipiki zao kwa maji hayo kila jioni, kwa upendo kabisa, huku rimu zikimegeka.