Parke ya sebuleni: nilikataa karo

Nyumba tunayoishi Muhumba, hapa Bukavu, ilijengwa wakati mji ungali unaitwa Costermansville. Sakafu ya sebule ni parke ya vipande vifupi vya mbao vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, ingawa kwa miaka mingi ungeweza kuingia na kutoka bila kujua. Mama mkwe aliipaka nta nyekundu kila Jumamosi, juu ya nta ya Jumamosi iliyopita, hadi ikawa nyeusi kama sakafu ya gereji. Karibu na mlango wa baraza, mvua inakopenyea, vipande vilikuwa vimekunja kingo. Vingine vililegea tangu tetemeko la Februari 2008, na ukivikanyaga usiku vinalia mpaka watoto wanaamka.

Baba watoto alitaka karo, yaani vigae vya sakafu, zile nyeupe zinazong'aa. Fundi wa karo akaja kupima: mita za mraba 31, dola 22 kwa mita, vifaa na kazi pamoja. Kung'oa mbao kungekuwa juu yetu. "Mtapata kuni nzuri, mama," akasema akicheka. Nilimpa chai, nikamshukuru, na siku hiyo hiyo nikatuma mtu Kadutu aniulizie fundi wa mbao.

Aliyekuja hakuwa na mashine. Alikuwa na patasi na kikombe cha maji. Alidondosha tone moja juu ya nta, likakaa pale kama shanga. Akaparura mahali padogo kwa patasi, akadondosha jingine: mbao ikalinywa papo hapo. Kisha akachomoa kipande kimoja kilicholegea pembeni apime unene, kwa sababu kinachohesabika ni mbao iliyo juu ya ulimi ule unaounganisha vipande. Ukishafika kwenye ulimi, hakuna tena cha kusugua. Chetu kilikuwa na nafasi ya kutosha kwa kazi hii na nyingine mbili baadaye. Akakinusa. "Ni muvula," akasema, yaani mvule. "Hii mbao haiyafa, mama, imechoka tu."

Halafu akakataa kuanza. Ilikuwa Machi, na mbao za mlangoni zilikuwa zimejaa maji. Akanieleza kwamba ukizisawazisha zikiwa zimevimba namna hiyo, zitakapokauka kingo zitashuka na katikati patabaki na mgongo. Tuzibe kwanza pale maji yanapopita, yeye atarudi kiangazi. Nilidhani ananikwepa, nikamwambia baba watoto kwamba huyu hatarudi. Alirudi Julai, na vipande vingi vilikuwa vimeshalala vyenyewe bila mtu kuvigusa. Katika kazi yote, hilo la kukataa ndilo ninalomlipia kwa moyo mweupe.

Siku 6 alizoahidi zikawa 11. Mbili zilikwisha kwa nta peke yake, maana ikibaki inapata joto chini ya mashine na kuziba karatasi ya msasa. Wakaitoa kwa tineri na kwa kukwangua, madirisha yote wazi. Vipande vilivyolegea vikapakwa gundi upya. Ndipo ikaja mashine: msasa namba 40, kisha 60, 80, na 120 ya kumalizia. Walipita kwa mshazari, kwa sababu mbao za mifupa ya samaki zinaelekea huku na huku, na ukinyoosha mashine kufuata vipande vya upande mmoja unakata nyuzi za vile vya upande mwingine. Pembeni na chini ya dirisha walisugua kwa mkono, na hapo, nikisema kweli, haraka yao inaonekana.

Vumbi la muvula sikuambiwa habari zake. Si vumbi la mbao hivi hivi. Linawasha pua, macho, hata ngozi ya shingo. Mtoto wangu wa pili ana pumu, ikabidi alale kwa shangazi yake Bagira wiki nzima. Fundi alipaswa kusema mapema. Alichonionyesha ni kingine: ndani ya vipande viwili kulikuwa na mstari mweupe, mgumu kama chokaa. Muvula hutengeneza mawe ndani ya shina lake. Karatasi ilipasuka hapo mara mbili.

Siku ya nne ndiyo nilitamani karo. Umeme ulikatika kama saa nne asubuhi, mashine ikanyamaza katikati ya sebule. Kijana wa fundi akaiacha vile vile, ngoma yake inayozungusha msasa imelala juu ya mbao, swichi haikuzimwa, akatoka kunywa chai. Mji huu wote unajua kwamba umeme ukienda unachomoa friji, kwa sababu hasara inakuja unaporudi. Uliporudi, mashine iliunguruma peke yake, ikachimba pale pale ilipokuwa. Hadi kijana anauruka mlango na kuvuta waya, tayari kulikuwa na shimo refu kama kiganja. Fundi hakumpigia kelele. Alikaa juu ya ndoo, akalitazama muda mrefu. Baadaye akachomoa vipande vinne chini ya kabati kubwa, akavileta kuziba pengo, na vile vibovu akavificha kule kabatini. Jua la jioni likiingia unaviona, vimepauka kuliko wenzake. Alipunguza dola 20 bila mimi kuomba.

Verni, ile vanishi ya kupaka juu ya mbao, nayo ilitusumbua. Mkono wa kwanza ulibaki unanata siku mbili nzima, ukiugusa unaacha alama ya kidole. Muvula ina mafuta yake yanayozuia verni nyingine zisikauke, na mtu aliyeitambua mbao kwa pua alitakiwa kulikumbuka hilo. Waliitoa yote, wakafuta mbao kwa tineri, kisha wakapaka tabaka jembamba sana na kungoja. Baada ya hapo zikafuata mbili, siku moja kati ya moja na nyingine, na msasa laini namba 220 katikati.

Hesabu: dola 12 kwa mita, yaani 372, toa zile 20, ongeza 140 za verni, gundi na misasa. Jumla 492. Karo zingekula 682 kabla ya kuwalipa wa kung'oa. Rangi iliyotoka ni ya chai ya rangi, yenye mistari ambayo sikujua ipo. Miezi 8 sasa. Miguu ya viti ilianza kuikwaruza, nikaigandisha vipande vya kambambili kuukuu, ikaacha. Mama mkwe alikuja Jumamosi moja na kopo lake la nta. Ilinichukua soda mbili kumweleza kwamba juu ya verni haipakwi kitu, ni kitambaa chenye unyevu kidogo basi.

Korido tutaifanya kiangazi kijacho, na fundi ni huyo huyo. Nimempa sharti moja: umeme ukikatika, waya wa mashine nauchomoa mimi.