Darubini ya laki nne na nusu: nimekaa nayo miezi miwili Bweyale, Uganda, hivi ndivyo ilivyo

Hii darubini niliinunua Kampala mwezi wa kumi na mbili, duka moja la vitu vya kamera katikati ya mji, nikalipa 450,000 baada ya kuvutana sana maana kijana alianzia laki sita. Lenzi yake ya mbele ni milimita 70, bomba milimita 700, na ndani ya boksi kuna vilenzi viwili vya kutazamia, cha milimita 20 na cha 10, pamoja na kimoja cha kuongezea mara tatu. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba inakuza mara 210 na yule kijana akaniapia, "ssebo (yaani bwana), na hii utaona bendera ya Wamarekani kule mwezini."

Naanza na hapo kwa sababu ndipo watu wanapopotezea pesa zao. Bendera hiyo hakuna darubini yoyote iliyoko duniani inayoiona, hata zile kubwa za wataalamu. Na lenzi ya milimita 70 ukishavuka mara 140 hivi unapata ukungu unaotetemeka tu, kwa hiyo kile cha kuongezea nimekitupa kwenye droo na sijakigusa tena. Cha 20 kinakupa mara 35, cha 10 mara 70, hizo ndizo darubini yenyewe, na jamani zinatosha kabisa.

Kuna kitu kingine kidogo humo, kioo cheusi cha kufunga kwenye kilenzi eti uangalie jua. Mimi nilikipasua kwa nyundo siku ile ile ili mtoto asije akakiokota. Kioo cha namna hiyo kinakaa pale ambapo joto lote la jua linakusanyika, kikipasuka ukiwa umeweka jicho basi jicho hilo limekwenda. Wanaokumbuka jua lilivyofunikwa na mwezi kule Pakwach tarehe 3 Novemba 2013 wanajua watu walivyohimizwa kuvaa zile miwani maalumu, sasa hapa wanauza kitu kama hiki ndani ya boksi lenye picha ya watoto.

Halafu stendi. Stendi ni mbaya. Miguu ya bati jembamba, ukigusa bomba nyota inacheza sekunde tano nzima, lakini kubwa zaidi ni kwamba haiwezi kutazama juu moja kwa moja, bomba linagonga mguu. Huko Ulaya kundi la nyota la Orioni halipandi sana, wao wanaiangalia upande wa kusini wala hawapati shida. Sisi hapa karibu na ikweta, mwezi wa kwanza saa nne usiku Orioni iko utosini kabisa! Yaani sehemu nzuri kuliko zote ya anga letu ndiyo stendi hii haifiki. Nilirudi dukani kuomba wanibadilishie, wakakataa, wakasema vitu viko sawa na mimi ndiye sijui kutumia. Mwishowe fundi seremala wa hapa Bweyale akanitengenezea ya mbao kwa 60,000, nzito, fupi, unakaa chini kwenye mkeka unatazama juu kupitia kile kioo cha pembe kinachopindisha mwanga kuelekea jichoni, bila kuumiza shingo.

Tangu siku hiyo mambo yamebadilika kabisa.

Bibi yangu alikuwa mtu wa pwani, alitufundisha Kilimia tukiwa wadogo, ile kichala ya nyota ndogo zilizobanana, akisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa macho tulikuwa tunahesabu sita, kaka yangu alikuwa anabisha ni saba. Nilipoweka mara 35 nikaona makumi, nyeupe zenye rangi ya buluu kwa mbali, zimemwagika kama chumvi, nikanyamaza kabisa. Zile nyota zilizaliwa pamoja kutoka wingu moja na umri wake ni kama miaka milioni 100, ukilinganisha na jua letu lenye bilioni 4.6 hao bado ni watoto. Mwanga ulioingia jichoni mwangu usiku ule uliondoka huko miaka 440 hivi iliyopita.

Ukitaka kuona wanapozaliwa kabisa shuka kwenye upanga wa Orioni. Pale katikati kuna kitu kama pumzi kwenye kioo, kijivu, kina mabawa mawili, na ndani yake ukiweka kilenzi cha 10 unaona nyota nne ndogo zimekaa karibu karibu. Hilo ni wingu la gesi, liko miaka ya nuru 1,300 kutoka hapa, yaani mwanga wake unasafiri miaka 1,300 kutufikia. Gesi inajivuta yenyewe kwa uzito wake, inabanana, inapata joto mpaka katikati pakafika nyuzi milioni 10 hivi ndipo haidrojeni inaanza kuungana kuwa heliamu, na hapo nyota imewaka. Zile nne ndizo zinazoangaza wingu lote. Msitegemee rangi nyekundu za kwenye picha, jicho usiku halioni rangi ya kitu hafifu hivyo, ni kijivu, lakini ni chenyewe, si picha.

Juu kidogo bega la Orioni, Betelgeuse, rangi ya kaa la moto. Hii ni nyota kubwa iliyozeeka haraka, ingekuwa mahali pa jua letu ingetumeza sisi na Mirihi pia, na mwisho wa 2019 ilififia mpaka watu wakadhani inalipuka, kumbe ilikuwa imetema vumbi likaiziba. Kwenye darubini inabaki nukta tu, ila rangi yake inakolea. Umri wake haufiki hata miaka milioni 20 na tayari imechoka, kwa sababu nyota kubwa inachoma mafuta yake kwa pupa.

Ya kufa ilinichukua usiku tano. Karibu na pembe ya kundi la nyota la Ng'ombe kuna mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiona ikilipuka mwaka 1054, iling'aa mpaka ikaonekana mchana. Nilikuwa nakosa kila siku kwa moshi, si mnajua kiangazi huku wanavyochoma nyasi, halafu ikanyesha mvua moja ya ghafla mwezi wa pili, umeme nao ukakatika, anga likasafika na nikaipata, kidoa kama alama ya kidole. Ndani ya kidoa hicho (hii darubini haioneshi) kuna kiini cha upana wa kilomita kama 20, kizito kuliko jua, kinazunguka mara 30 kwa sekunde. Chuma kilichomo kwenye damu yetu kilipikwa na nyota zilizokufa kabla jua letu halijakuwepo. Haidrojeni iliyo kwenye maji ni ya zamani zaidi, hiyo imetoka kwenye ule mwanzo wenyewe wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Nilimwambia mke wangu akaangalia kikombe chake cha chai muda mrefu.

Iliyonigusa kuliko zote lakini ni 40 Eridani, nyota ya kawaida yenye mwenzake mdogo pembeni, hafifu kweli, kinukta cheupe. Kile ni kibete cheupe, ukubwa unakaribia dunia yetu tu lakini uzito ni nusu ya jua. Ni jivu la nyota iliyomaliza. Jua letu nalo baada ya miaka kama bilioni 5 litavimba, litapumua gesi yake nje na kubaki hivyo hivyo. Kiko miaka ya nuru 16 tu.

Kwa hiyo kununua? Nunua, ila bomba ndilo unalolipia, stendi ihesabu kama zawadi mbaya na weka 60,000 ya seremala kwenye bajeti kabisa. Pima urefu wako ukiwa umekaa kabla hajakata mbao, mimi ya kwanza ilizidi.

Mwezi wa nne, siku mvua ikipumzika, nataka kugeukia kusini kwenye kundi la nyota la Msalaba. Aliyeko Bweyale au Kigumba aje na sweta.