TAHADHARI: "Viza ya frilansi" ya Dubai inayouzwa Kariakoo si viza ya frilansi

Ndugu zangu mnaofanya kazi za mtandaoni, naomba mnisome mpaka mwisho, hasa kama umeshaanza kuchanga nauli.

Kuna wakala mmoja, ofisi yake iko ghorofa ya tatu maeneo ya Kariakoo, anauza kitu anachokiita "viza ya frilansi ya Dubai, miaka 2, fanya kazi popote", yaani viza ya mtu anayejitafutia wateja mwenyewe bila mwajiri. Mimi nimempa dola 2,500, ambazo kwa mafungu matatu zilikuwa shilingi milioni 6 na laki 4. Jina lake silitaji kwa sababu jalada liko polisi. Ila mtindo wake nitauandika wote, maana sidhani kama ni yeye peke yake anayeutumia, na jina la ofisi linabadilishwa kwa siku moja tu.

Naanza na kilichoniponza. Nina miaka mitano naandika manukuu ya video na kusafisha sauti kwa wateja wa nje, na si mtu wa kutoa hela kirahisi. Kabla ya kulipa nilikaa siku mbili nasoma. Nikakuta kweli viza za namna hiyo zipo, ziko kwenye tovuti za serikali ya kule, na masharti yake yameandikwa. Nikasema basi, huyu bwana hadanganyi. Hapo ndipo aliponipata. Nilihakiki kwamba kitu kipo, sikuhakiki kama ninachouziwa mimi ndicho hicho.

Za kweli ninazozijua ni tatu. Ya kwanza ni ya mtu anayefanya kazi kwa mbali kwa ajili ya kampuni iliyo nje ya Falme za Kiarabu. Dubai iliianzisha Oktoba 2020. Ni ya mwaka mmoja, unajidhamini mwenyewe, wanataka uthibitisho wa kazi, bima ya afya na kipato cha kuanzia dola 3,500 kwa mwezi. Ya pili ni viza ya kijani ya miaka mitano. Hiyo inataka kibali cha kujiajiri kutoka Wizara ya Rasilimali Watu ya kule, shahada au diploma ya fani, na uthibitisho wa kipato cha kujiajiri cha miaka miwili iliyopita kisichopungua dirham 360,000, au uthibitisho kwamba una uwezo wa kujikimu. Ya tatu ni kibali cha frilansa kinachotolewa na maeneo huru ya biashara, na viza unaiomba juu ya hicho kibali. Mfano ni GoFreelance ya Dubai kwa watu wa habari, teknolojia, elimu na ubunifu. Kibali chake peke yake kimetangazwa kwa dirham 7,500 kwa mwaka, na viza, kadi ya usajili na vipimo vya afya vinalipiwa mbali.

Mimi mwezi wangu mzuri ni dola 900. Mbili za kwanza siziwezi, na ya tatu ilitaka nichange mwaka mwingine mzima. Ndipo wakala akaniambia, "Dada, mimi nina njia ya mkato, kampuni za kule zinanifahamu." Nawaambia kwa uchungu kabisa, hesabu yenyewe ilitosha kunizindua. Dirham 7,500 ni zaidi ya dola 2,000. Kwa dola zangu 2,500 angelipia kibali, viza, vipimo na kitambulisho, halafu na yeye abaki na faida? Haiwezekani. Lakini mtu akishataka kuondoka, hesabu haifanyi.

Malipo yalikwenda hivi: laki 5 "ya kufungua faili", milioni 3 na laki 1 "ya kibali", milioni 2 na laki 8 "ya stampu". Kila mara nilipewa risiti. Nimezitoa jana nikazisoma upya, zote tatu zimeandikwa "ushauri wa safari". Neno viza halipo popote. Siku ya malipo ya pili nilitia sahihi karatasi sita. Mbili zilikuwa za Kiarabu na Kiingereza, maandishi madogo, na yeye amesimama pembeni anasema wateja wengine wanasubiri nje, nifanye haraka. Hizo karatasi mbili nitazirudia.

Baada ya wiki tano, Alhamisi jioni, PDF ikaingia WhatsApp. Kibali cha kuingia, picha yangu, namba ya pasipoti yangu, namba ya faili inaanza na 201, yaani imetolewa Dubai. Niliingia kwenye mfumo wa uhamiaji wa Dubai nikakagua. Halali. Mama alipiga magoti pale sebuleni akashukuru. Kwa hiyo mtu asije akakwambia "kagua tu kama viza ni feki". Ya kwangu haikuwa feki.

Nikamtumia mtoto wa mama mkubwa, yuko Sharjah mwaka wa nane sasa, dereva. Nilitaka anipe hongera. Badala yake ikaja voisi, sauti ya chini: "Dada, mstari wa kazi umeusoma?"

Sikuwa nimeusoma. Niliikuza picha kwa vidole viwili. Mle kwenye kibali, chini ya namba ya pasipoti, kuna mstari wa kazi, na chini yake mstari wa mdhamini. Kwenye kazi imeandikwa msafishaji. Kwenye mdhamini kuna kampuni ya usafi ambayo sijawahi kuisikia. Usafi ni kazi ya heshima, mama yangu ametusomesha kwa kufagia ofisi za watu. Lakini mimi sikuomba kazi ya usafi, na hiyo kampuni haikuwa na mpango wa kunipa hata huo ufagio.

Kaka akanieleza, na baadaye nikathibitisha mwenyewe. Ile ni viza ya ajira. Kampuni yenye nafasi za wafanyakazi inaziuza nafasi hizo kwa mawakala, wakala anakuuzia wewe kwa jina la "frilansi". Kwenye kumbukumbu za serikali wewe ni mwajiriwa wa ile kampuni. Ukifanyia kazi mtu mwingine umevunja sheria, ukikaa nyumbani na kompyuta yako pia hauko kazini kwako. Mdhamini akiamua siku moja kuripoti kwamba umetoroka kazini, ukaazi wako umekwenda. Ukibaki nchini baada ya muda wako kuisha ni faini ya dirham 50 kila siku.

Na zile karatasi mbili? Moja ilikuwa barua ya ajira. Nimetia sahihi kwa mkono wangu kwamba nakubali kazi ya usafi kwa mshahara wa dirham 1,000.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililoniuma kuliko yote. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ya mwaka 2021 namba 33, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kwa maneno mengine, viza ya ajira hulipiwa na mwajiri. Mimi nimelipa milioni 6 na laki 4 kwa kitu ambacho mfanyakazi hatakiwi kulipia hata shilingi. Na mwaka 2024 sheria ikaongezwa makali: anayemleta mtu nchini kwa kibali cha kazi kisha asimpe kazi anaweza kutozwa faini kuanzia dirham 100,000 hadi milioni 1. Serikali ya kule inaujua mchezo huu vizuri.

Yuko kijana wa Morogoro, mtaalamu wa programu, alitangulia miezi miwili kabla yangu kwa wakala huyuhuyu. Alipokelewa uwanja wa ndege na mtu asiyemjua, pasipoti ikachukuliwa "kwa ajili ya stampu", akapelekwa kwenye chumba Deira chenye vitanda kumi na viwili. Wiki ya tatu akaambiwa kuna "ada ya udhamini", dirham 1,200 kila miezi mitatu, asipolipa wataripoti ametoroka. Usiku alikuwa anafanya kazi za wateja wake kitandani, pazia limefungwa, simu ndiyo intaneti yake. Alilipa mara mbili. Mara ya tatu akaenda ubalozi mdogo wetu pale Dubai kuomba msaada. Amerudi nyumbani wiki iliyopita, na ndiye aliyenipa moyo niandike.

Mimi sikusafiri. Nilirudi kwa wakala Jumamosi asubuhi na karatasi mkononi. Akanijibu bila wasiwasi: "Hiyo ni lugha ya mfumo tu, wote wanaandikwa hivyo, ukifika unabadilisha." Niseme ukweli, usiku ule nilikaribia kumwamini tena, kwa sababu nilitamani iwe kweli. Msikubali hilo neno la "ukifika unabadilisha". Nilipomdai barua inayosema mabadiliko hayo yatafanywa na nani na kwa gharama ya nani, akasema viza imetoka, kazi yake imeisha. Jumatatu nikawa nimezuiwa kwenye simu. Nimekwenda polisi, nimepata RB, yaani namba ya taarifa yangu polisi, nimewapa risiti, meseji na miamala. Mpaka leo nimerudishiwa milioni 1 na laki 2.

Mnaotaka njia hii kwa dhati, anzeni na kibali cha frilansa, si viza. Kibali cha kweli kina jina lako wewe, kinataja fani yako na mamlaka iliyokitoa, na mamlaka hiyo unaweza kuiandikia mwenyewe kuuliza. Wakala akikuambia kibali "kitakuja baadaye na viza", ondoka. Na akikuambia utafanya kazi yoyote, popote, pia ondoka, kwa sababu kibali cha frilansa hutolewa kwa shughuli maalumu. Karatasi ya lugha usiyoijua piga picha, nenda nayo nyumbani, itafsiriwe, ndipo urudi kutia sahihi. Mwenye haraka ya sahihi yako ana sababu yake.

Kama mwishowe unachotaka ni kazi ya kuajiriwa Uarabuni, hakuna ubaya, lakini hiyo ina mlango wake. Hapa kwetu ulizia TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, kama ofisi hiyo ina leseni. Wenzetu wa Kenya wanayo Mamlaka ya Taifa ya Ajira yenye orodha ya mawakala waliosajiliwa. Huyu wangu alikuwa na leseni ya biashara ukutani, kwenye fremu ya dhahabu kabisa, chini ya picha ya Burj Khalifa. Niliposoma baadaye kwenye picha niliyopiga, ilikuwa ya kuuza tiketi.

Kuna jingine ameanza kuuza mwezi huu na limeanza kunasa watu: "kadi ya ukaazi wa Ulaya", milioni 1 na laki 8. Ni ile kadi ya Estonia ya ukaazi wa kidijitali, mpango ulioanza Desemba 2014. Kadi yenyewe ni ya kweli na ina faida zake, unafungua kampuni na kusaini nyaraka kwa mtandao ukiwa popote. Lakini haikuruhusu kuishi Estonia wala kuingia Ulaya. Si viza, na Waestonia wenyewe wameandika hivyo wazi. Na maombi unajaza mwenyewe mtandaoni, unalipa ada kwa kadi ya benki, huhitaji mtu wa kati. Viza ya Estonia ya wafanya kazi wa mbali ni kitu kingine kabisa chenye masharti yake.

Ureno nayo anaitaja, "D8 bila stresi". D8, viza ya Ureno ya wafanya kazi wa mbali, ipo tangu Oktoba 2022, na sharti lake la kipato ni mara nne ya kima cha chini cha mshahara cha Ureno. Kwa mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 870, kwa hiyo mwaka huo ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi. Ukimwambia huna, anakuambia atakutengenezea taarifa ya benki. Hiyo taarifa ya kughushi itakuwa na jina lako, si lake. Kesi itakuwa yako.

Aliyekwishatoa hela, usifute meseji hata moja, hata zile za kumbembeleza. Chapisha miamala ya simu, piga picha risiti, andika tarehe ya kila mliyoonana ukiwa bado unazikumbuka. Mpelelezi wangu aliuliza hizo kwanza.

Kwenye kundi lake la WhatsApp kuna watu wanne ambao tiketi zao ni za wiki ijayo, mmoja ni dada wa Tanga mwenye mtoto mchanga anayemwacha kwa bibi. Niliandika kule ndani, nikatolewa kabla sijamaliza ujumbe wa pili. Namba zao sikuwahi kuzihifadhi. Kama unamjua yeyote anayesafiri kwa "viza ya frilansi" siku hizi, mwambie afungue PDF yake leo, aikuze, asome mstari wa kazi na mstari wa mdhamini kabla hajafika uwanja wa ndege.