Dragnet ya redio: upelelezi bila mbwembwe

Kama umechoka na wapelelezi wa kwenye sinema, yule anayetupia jicho chumba mara moja tu kashamjua muuaji, tafuta Dragnet, mchezo wa kuigiza wa kipolisi, na nasema ile ya redio, ya TV iache kwanza. Ilianza kurushwa na shirika la utangazaji la NBC kule Marekani Juni 1949 ikaenda hadi 1957, Jack Webb ndo mwanzilishi, ndo muongozaji na ndo huyo huyo Sajenti Joe Friday wa polisi wa Los Angeles.

Kilichonikamata ni kazi yenyewe inavyofanyika. Friday anakutajia siku, hali ya hewa, zamu, kitengo (leo mauaji kesho wizi), mwenzie Ben Romero, bosi wao, kwisha, wanaingia mtaani. Ni kugonga milango, kupiga simu, kuuliza swali lile lile mtu wa kwanza wa pili wa tatu, shahidi anaanza kumlalamikia jirani yake na Friday anamwacha aongee weee halafu anamrudisha taratibu kwenye mada bila kupandisha sauti. Saa zingine wanafuata mtu siku nzima kumbe siye, wanaanza upya. Waigizaji wanaongea chinichini kabisa kama watu walioko ofisini kweli. Na sauti za pembeni sasa, aisee! Viatu kwenye korido, droo inafunguliwa, simu inazungushwa namba moja moja, ukivaa hedifoni unajua kabisa nani kasimama wapi. Mwishoni unasomewa mhalifu alihukumiwa nini.

Kesi zilitokana na mafaili halisi ya polisi, majina tu yamebadilishwa. Wazo lilimjia Webb baada ya kukutana na sajenti Marty Wynn, aliyekuwa mshauri kwenye filamu moja ya 1948 ambayo Webb aliigiza.

Ila kuna kitu kinaniuma. Kwa vile walitegemea ushirikiano wa polisi, humo askari karibu wote ni watu safi. Krismasi ya 1951 askari wa jiji hilo hilo waliwapiga vibaya vijana saba waliokuwa mikononi mwao, watano wenye asili ya Mexico, na kuna askari walitiwa hatiani baadaye. Sura hiyo ya polisi Dragnet haikuonyeshi, kwahiyo sikiliza ukijua hilo. Matangazo ya sigara nayo ni mengi mno, ruka tu.

Barton Yarborough aliyekuwa Romero alifariki ghafla Desemba 1951, nao wakamfanya Romero afariki kwenye hadithi, hapo Friday anavyoongea utasikia ni mtu kafiwa kweli.

Anza na kipindi cha tarehe 22 Desemba 1949, cha watoto wawili waliopotea kabla ya Krismasi na bunduki ya zawadi. Sikwambii kinaishaje, ila usisikilize na watoto wadogo. Vipindi vingi vipo bure mtandaoni, kimoja ni kama nusu saa, baadhi ya rekodi zinakwaruza lakini maneno yanasikika.